Meno au Mwiba

Mwaka jana, kwenye harusi ya mjukuu wangu pale Tawa, mwanamke mmoja mzee aliketi kando yangu bila kuniuliza, akavua kiatu cha mguu wa kulia, akanionyesha kisigino. Chini kidogo ya kifundo nyama ilikuwa imebonyea, kama mahali mtu amebonyeza ugali kwa kidole gumba. "Unanijua sasa?" akasema. Nilimjua kabla hajamaliza kuuliza. Alikuwa Syombua, mtoto wa Kavutha. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka sita, amefungwa mgongoni mwa mama yake kwa leso, na mguu umevimba ukang'aa. Aliniambia kwamba mama yake alifariki kabla ya mvua, huko Nunguni, kitandani mwake, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Kisha akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mama alituambia siku zote: yule Mwende wa zahanati ndiye aliyenitoa ndani ya ghala." Watu waliokuwa mezani wakanitazama kwa heshima. Mimi nikainama, nikaendelea na pilau yangu. Kavutha alikuwa amewaficha watoto wake nusu ya habari. Ni kweli, ndimi niliyemtoa. Lakini pia ndimi niliyemtia humo, kwa neno moja, na nusu hiyo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Ndiyo ninayoiandika hapa.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Hali ya Hatari, nami nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimetoka Kitui mjini, nilikokaa kwa Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitambaa. Kwake ndiko nilikopata Kiswahili, kwa sababu Bi Zuhura hakuvumilia Kiswahili cha kubomoabomoa. Ukisema "kile chai", chai hupewi mpaka useme vizuri. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi Kibwezi, kwenye zahanati ya shamba moja la mkonge. Wagonjwa wengi walikuwa Wakamba wasiojua lugha nyingine, na waliowatibu hawakujua Kikamba. Mimi niliwekwa katikati. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na ubavuni mwake stoo ndogo nilimolala, kati ya makatoni ya bendeji. Ukiingia ulipokewa na harufu ya aidini, halafu ile ya mkonge uliooza, maana mashine ya kukamua nyuzi ilikuwa ng'ambo ya barabara na taka zake za kijani zilichacha juani mchana kutwa. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, mgumu kama msumari. Wakataji walikuja na matundu mikononi, mapajani, mmoja hata kwenye kope. Wiki nyingine nilisema neno "amedungwa" mara nyingi kuliko jina langu.

Tulikuwa watatu. Juma, mtu wa Lamu aliyezeeka katika kufunga vidonda, ambaye kila mtu alimwita Dresa. Mimi. Na Mama Pilar, muuguzi, mke wa fundi mkuu wa mashine. Walikuwa Wahispania, waliokimbia kwao baada ya vita vya ndugu kwa ndugu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kulima, na alivuta sigara akiwa amefumba jicho moja. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na Kiswahili chake alikiokota kwa wapagazi. Kila mgonjwa alimwandika kwenye daftari lake kwa Kihispania. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Mgonjwa akionyesha tundu, Mama Pilar hakukubali kuandika mpaka ajue ni tundu la namna gani. Alininyooshea kalamu. "Sema, Mwende. Meno au mwiba?"

Tulijadili jambo hilo hasa wakati wa chakula cha mchana, kwenye baraza, miguu yetu ikiwa juani na vichwa kivulini. Yeye alileta dengu alizopika kwa vitunguu saumu na pilipili nyekundu isiyowasha, mimi muthokoi wa mahindi na maharage, Juma chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na tulikula vya wenzetu kuliko vyetu. "Kwetu Pwani," Juma alisema siku moja, "nyoka hugonga, mbwa huuma, mwiba huchoma, sindano hudunga. Kila kitu kina kazi yake." Mama Pilar akatoa yake, akihesabu kwa vidole. Kuuma kwa meno ni *morder*: mbwa, punda, mtu. Nyuki, mbu, nge, wote hao ni *picar*. Pilipili nayo ni *picar*, na wakulima wa kwao walisema hivyo hata kwa nyoka, ijapokuwa daktari aliyemfundisha alimkemea kwa hilo. Mwiba na sindano ni *pinchar*. "Na gurudumu ya gari," akaongeza, "*pinchar*." Juma akapiga paja. "Pancha! Si tunasema pancha?" Tulicheka mpaka machozi. Tulidhani tunacheza. Maneno yale tuliyokuwa tukirushiana juu ya dengu yalikuwa yanangoja mtu.

Kyalo aliletwa asubuhi, baada ya mvua ya kwanza ya Novemba. Alikuwa na miaka minane. Baba yake, Mutiso, alimbeba mabegani. Mutiso alikuwa amepigana Bama, katika vita vya Mwingereza. Alirudi na koti la jeshi, Kiswahili cha kambini, na imani kubwa katika dawa za chupa, na boma lake lilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, upande wa mtoni. Mtoto alikuwa na tundu moja pembeni mwa mguu wa kushoto. Moja tu, dogo, na duara jeusi likilizunguka. Alilia kwa sauti ya chini isiyokatika, kama mtu anayeimba akiwa usingizini. Nilimwinamia nikamuuliza kwa Kikamba amefanywa nini. Akasema, "Kimeniuma. Nilikuwa nimelala. Sikukiona." Neno alilolitumia ni la kuuma, la meno. Ninalisikia hadi leo. Lakini nyuma yake walikuwa wamepanga mstari wakataji kumi na zaidi, wote na matundu ya namna ile ile. Mimi nilikuwa nimechoka, na nilijua, au nilijiona najua, kwamba meno huacha alama mbili. Mama Pilar akaninyooshea kalamu. "Meno au mwiba?" Nikasema, "Amedungwa."

Akaandika *pinchazo*. Kidonda kikaoshwa kwa maji ya zambarau, kikapakwa aidini, kikafungwa. Lakini Mutiso alikuwa bado amesimama mlangoni. Kiswahili cha kambini kilikuwa kimemtosha. Aliuliza kwa upole kabisa, "Amedungwa na nani?"

Nilipaswa kucheka. Nilipaswa kumwambia, mzee, mwiba hauna jina. Badala yake nikasema, "Sijui," na ile sijui yangu ikawa mbaya kuliko neno lenyewe, kwa sababu ilikubali kwamba yuko mtu wa kujulikana. Mutiso akamnyanyua mwanawe, akaenda. Kyalo alifariki siku ya pili jua likichwa. Habari tuliletewa na mkataji mmoja, aliyeitoa huku akimenya muwa.

Baada ya hapo mambo yalifuatana polepole, na yote tuliyasikia kutoka kwenye foleni ya wagonjwa, kwa sauti za chini, wakidhani siwasikilizi. Kwamba mama mzazi wa Mutiso, ambaye baada ya msiba alihamia nyumba ya watoto ili asiiache tupu, aliamka na tundu moja kwenye nyama ya mkono. Alinusurika, lakini mkono ulikauka. Kwamba hapakuwa na alama ya kitu kuingia wala kutoka, sakafu ilikuwa laini kama ilivyosiribwa. Kwamba katika boma lile alikuwamo mwanamke mwenye shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Huyo alikuwa Kavutha, mjane wa mdogo wake Mutiso, aliyeshona magunia ya kiwandani ili alishe mtoto wake. Na baba yake Kavutha, huko ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, alijulikana kwa kupika sumu ya mishale. "Hata kule kwa Mzungu walisema," mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwao, nakunja bendeji. "Walisema kwa mdomo wao. Mtoto alidungwa." Nikaendelea kukunja. Nilikunja bendeji ile ile mara tatu.

Kisha akaletwa Syombua. Aliyemleta ni mke wa Mutiso, mama yake Kyalo, mwanamke aliyekonda kwa msiba, naye alimtua mtoto mezani kama mtu anayetua kuni. Tundu moja, kwenye kisigino. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. "Mama yake yuko wapi?" nikamuuliza. "Amefungiwa," akajibu. "Ghalani. Siku ya nne leo, tangu asubuhi huyu alipoamka hivi katika nyumba ya watoto. Kesho kutwa analishwa kithitu." Kithitu ni kiapo chetu. Mtu akikila huku amedanganya, hufa yeye na nyumba yake, na hata asiye na hatia hutoka hapo akiwa amekwisha kuogopwa maisha yake yote. "Lakini huyu ni mtoto wake mwenyewe," nikasema. "Atamdungaje mtoto wake?" Yule mama akanitazama kama ananihurumia. "Ili tuseme si yeye," akasema.

Mama Pilar alikuwa ameinama juu ya kisigino na kioo chake cha kukuzia. Hakuelewa hata neno moja la tuliyosema. Aliinua kichwa, akanyoosha kalamu. "Mwende. Meno au mwiba?" Juma alichukua mtoto, nami nikamvuta Mama Pilar nje, nyuma ya tangi la maji, nikamwambia yote: mtoto alisema nini, mimi nilisema nini, Mutiso aliuliza nini. Nilitegemea anipige. Alivuta sigara yake hadi ikamchoma vidole. "Mimi pia sikuangalia," akasema. "Matundu mingi, mingi. Mimi andika tu." Akaenda kuchukua kofia na buti za mumewe.

Tulifika bomani saa sita mchana, wingu limeshuka hadi kwenye miti na mvua inaanza. Juma alikataa kuja. Sikumlaumu. Hakuna aliyetusalimu. Watoto walisimama wima kwenye milango, na mbwa walikuwa wamekaa mbali na nyumba moja, wakiitazama. Ghala lilikuwa nyuma ya zizi, limefungwa kwa kamba ya mkonge iliyozungushwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikalipita karibu. Ndani palikuwa na mtu anayehesabu kwa sauti ya chini, moja hadi kumi, kisha moja tena. Mutiso alitutokea akiwa amevaa koti lake la jeshi, fimbo mkononi. Mama Pilar akamwambia anataka kukaa ndani ya nyumba ya watoto, basi, kukaa tu. "Humo hakai mtu," Mutiso akasema. "Ndiyo," Mama Pilar akajibu. "Mimi taka kujua kwa nini." Nadhani Mutiso alisogea kwa sababu alikuwa mtu wa dawa za chupa.

Nimeingia katika nyumba nyingi za maiti tangu hapo, lakini sijawahi kuingia katika chumba kilichokuwa kinasikiliza kama kile. Kulikuwa na kitanda kimoja cha ngozi, kigoda, mawe matatu ya meko yaliyopoa, na ngozi ya mbuzi chini, walipolala watoto. Mvua juu ya nyasi ilinyamazisha kila kitu cha nje. Mama Pilar alikunja ile ngozi, akaketi kigodani, akainua miguu na kuiweka juu ya jiwe. Mimi nilipanda kitandani. Mutiso akabaki mlangoni. Tulikaa. Maji yalianza kupenya chini ya ukuta, yakaingia kama ulimi mwembamba, udongo ukayanywa. Sijui muda gani ulipita. Nakumbuka nilikuwa naangalia mahali ngozi ilipokuwa, na nikaona sakafu inapumua. Ilivimba kidogo, kama ngozi ya mtu inapotoka lengelenge, ikatulia, ikavimba tena. Kisha ikapasuka bila sauti yoyote, na kitu cheusi, chembamba kama kidole changu, kikatoka kwenye udongo, kichwa na mwili vikiwa unene mmoja, hata sikujua mwisho upi ni wa mbele.

Mama Pilar alikulia shambani na alishika nyoka tangu utoto. Aliinama akamkamata nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, sawasawa, kama mtu anayejua. Nyoka hakupanua mdomo. Niko tayari kuapa hilo popote. Mdomo ulikuwa umefungwa kabisa. Aligeuza tu kichwa upande, kama anayekataa chakula, na jino moja likachomoza pembeni mwa mdomo uliofungwa, likaingia kwenye kidole gumba cha Mama Pilar, likatoka. Alimrusha ukutani. Mutiso aliruka ndani, akampiga fimbo mpaka akawa vipande.

Mama Pilar aliketi chini kwenye tope, amekishika kidole, uso umekuwa wa majivu. Tundu moja. Duara jeusi lilianza kulizunguka tukiangalia. "Hapana uma," alikuwa akisema, kwa Kiswahili, kwa lugha yake, kwa Kiswahili tena. "Mdomo funga! *No me ha mordido.* Meno, lakini hapana uma. *Pinchar*, Mwende. *Pinchar!*" Alikuwa anatetemeka kwa maumivu na huku karibu acheke. Nami nikasimama pale nikiona kitu kibaya: kwamba neno langu lilikuwa sahihi. Mtoto alidungwa. Nilikuwa nimekosea nikapata, na kule kupata kulikuwa karibu kumla mwanamke.

Mutiso aligeuza kichwa cha yule nyoka kwa ncha ya fimbo, kwa muda mrefu. Nikamwambia, kwa Kikamba safari hii, ili pasiwe na njia ya kujificha: "Nau, baba yangu, mwanao alisema ameumwa. Alisema kimemuuma akiwa amelala. Mimi ndiye niliyesema amedungwa. Alinitamkia neno moja, nikamtolea lingine." Hakuniinulia fimbo. Alisema tu, "Alisema kitu kingine?" "Alisema hakukiona." Akatikisa kichwa, akatoka kwenye mvua bila kujifunika, akaenda ghalani. Hakufungua mafundo. Alikata kamba kwa panga.

Mama Pilar alipoteza ncha ya kile kidole, na homa ilimlaza wiki mbili. Syombua alipona kwa aidini, maziwa na bahati. Lakini siku hiyo hayo hatukuyajua. Siku hiyo Kavutha alitoka ghalani akiwa amejishika ukutani, akaomba maji, akanywa, yaliyobaki akanawa miguu. Wanawake walianza kumlilia na kumwita kwa majina ya mapenzi. Mutiso alimwambia nyumba yake ipo kama ilivyokuwa. Kavutha aliingia kwake, akatoka na mzigo mdogo, akaniuliza mtoto wake yuko wapi. Vijana wawili walimbeba Mama Pilar kwenye kitanda hadi zahanati, sisi tukiwafuata nyuma. Pale Kavutha alimfunga Syombua mgongoni ingawa Juma alimsihi amwache alale, akashika njia ya barabara kuu kutafuta lori la kumfikisha kwa dada yake Nunguni. Nikachukua mzigo wake, nikamsindikiza. Nilikiri kwake tukiwa njiani. Nilimweleza habari ya nyoka aliyetoka ndani ya sakafu, kisha nikamwambia kama nilivyomwambia Mutiso, neno kwa neno. Alitembea mbele yangu kwenye tope jekundu, akipanga miguu kwa uangalifu, kama mtu aliyekwisha kuacha kuiamini ardhi.

Barabarani tuliketi juu ya rundo la kokoto. Mvua ilikuwa imekatika na jua la saa kumi na moja lilikuwa linatoa mvuke kwenye udongo wa barabara. Ndipo aliposema, akiangalia upande lori lingetokea.

"Siku ya kwanza mle ndani nilijua si mimi," alisema. "Siku ya pili bado nilijua. Ya tatu nikaanza kuiona shazia mkononi mwangu. Nikaona mlango wa nyumba ya watoto, nikaona ninavyoinama. Niliuona mguu wa Kyalo, Mwende. Niliusikia ukijikunja. Leo asubuhi nilikuwa nafikiria tu nitawaambiaje."

Nikamwambia, "Lakini hukufanya."

"Najua," akasema. "Umeniambia."

Lori lilitokea, likasimama. Nilimpandishia mzigo, kisha nikamshika kiuno asiteleze na mtoto. Turubai lilipofungwa nilisikia anamwuliza utingo, kwa sauti ya kawaida kabisa, iwapo sakafu ya gari ni ya mbao au ya chuma.